Kidole Gumba Kinaijua Njia

Mpenzi msikilizaji, huenda uko jikoni unasubiri maji ya ugali yachemke, kibandani unahesabu mauzo ya kutwa, au kitandani umelaza redio kifuani. Na pengine hiyo iliyo kifuani wala si redio hasa. Ni simu. Ile ndogo ya batani, yenye tochi kichwani, na waya wa hedifoni umechomekwa ingawa masikioni hakuna kitu. Waya huo ndio antena yake. Ukiuchomoa, sauti ya mtangazaji inageuka mkwaruzo. Matoleo mapya mengi hayauhitaji tena, lakini kuna wanaouchomeka hivyo hivyo kwa mazoea. Kama ndivyo unavyosikiliza jioni hii, basi leo tunakisema hicho hicho ulichokilaza kifuani, nacho hakina pa kujificha.

Tuanze na majina. Tanzania kinaitwa kiswaswadu, au kitochi. Kenya walikibandika jina la mulika mwizi, na wengine wanakiita kabambe. Uganda ni katochi. Umeona jambo hapo, msikilizaji? Majina matano, na matatu kati yake yanataja mwanga. Mabwana wa kiwandani walitengeneza chombo cha kuzungumzia, watu wakakipa jina la taa.

Chanzo cha jina hilo ni Nokia 1100, simu ya kampuni ya Ufini iliyotoka mwaka 2003. Ilikuwa na tochi juu, batani zilizofunikwa kwa ngozi moja ya mpira ili vumbi lisipenye, na pande zisizoteleza katika mkono wenye jasho. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani, na ni vifaa vichache sana vya umeme vilivyowahi kufika huko. Huku kwetu tochi ile ilipata kazi siku ya kwanza. Umeme ukikatika saa mbili usiku, watu watatu sebuleni wanapapasa mifuko, na taa tatu zinawaka kabla mshumaa haujaonekana. Choo cha nje. Mlango wa banda la kuku. Fundi pikipiki aliyeing'ata simu kwa meno huku mikono yote miwili iko kwenye kabureta.

Lakini tochi ni ya kuanzia tu. Swali la leo ni hili: mtu mwenye simu isiyo na kioo cha kugusa, isiyo na picha za kumwongoza, yenye kioo cha ukubwa wa kiberiti, anaiendeshaje mpaka inamlipia ada ya mtoto, inamuuzia mzigo na kumpa habari za msiba? Jibu fupi ni kumbukumbu. Kumbukumbu ya kidole chake, na kumbukumbu ya watu waliomzunguka. Tulishike hilo, maana tutalirudia.

Twende Mwanza, mwaloni Kirumba, kwenye soko la dagaa. Tumchukue mama mmoja kati ya wale wanaonunua mzigo kwa jumla. Hatumtaji jina kwa kuwa wako wengi wanaofanana naye. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na msimu wake ni siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti kitu, na wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo usiku wa giza mama huyu analala jicho moja. Simu yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa kwenye pindo la khanga. Kifuniko cha nyuma kilishapoteza meno yake zamani, sasa kinashikiliwa na rababendi. Namba 2 na namba 5 zimefutika kabisa, mpira umebaki mweupe kama kucha.

Je, kufutika kwa namba hizo kunamsumbua? Hata kidogo. Hazitazami. Ukipapasa batani ya 5 kwenye simu yoyote ya namna hii utakuta kinundu kidogo kilichoinuka. Kimewekwa makusudi. Kidole gumba kikishakipata kinundu hicho, kinajua 2 iko juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Ndiyo maana watu wasioona wamekuwa wakitumia simu hizi bila kumwomba mtu macho, na ndiyo maana dereva wa bodaboda anaweza kupiga namba ya mteja mkono ukiwa mfukoni (asifanye hivyo akiwa mwendoni, lakini anaweza). Mama wa Kirumba mikono yake ina magamba, chumvi na mafuta ya dagaa. Kioo cha kugusa hakimwelewi mtu mwenye vidole vilivyolowa. Kinaruka huku na huku, kinapiga simu kwa mtu aliyekufa mwaka juzi. Batani inamwelewa. Inabonyea, inatoa mlio, basi.

Kidole gumba kinaijua njia. Na njia yenyewe, msikilizaji, ni ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Chukua kuandika. Kwenye simu ya batani, herufi tatu au nne zinakaa kwenye namba moja, kama wapangaji wa chumba kimoja. A, B na C wako kwenye 2. P, Q, R na S wako kwenye 7. Ukimtaka S aliyelala ukutani kabisa, unagonga mara nne. Sasa hesabu nasi taratibu. Kuandika "mambo" ni mibonyezo 8, na kidole hakisimami popote. Kuandika "shikamoo" ni mibonyezo 19, tena mara tatu unalazimika kusubiri kidogo, kwa sababu herufi inayofuata iko kwenye batani ile ile: H na I, M na O, kisha O na O. Ukiharakisha, simu inadhani umebadili mawazo. Anayeitikia "marahaba" anatumia mibonyezo 12 tu. Hata batani zinawapunguzia wakubwa kazi.

Hapo ndipo pa kuutazama upya mtindo uliowaudhi walimu wengi wa Kiswahili: vijana kuandika "xaxa" badala ya "sasa". Walimu waliona utovu wa adabu, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki. Lakini hebu pima kwa kidole. "Sasa" ni mibonyezo 10. "Xaxa" ni 6, maana X yuko wa pili kwenye batani ya 9 na S ni wa nne kwenye 7. "Sijui" ni 13, "cjui" ni 9. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mtindo ule ulizaliwa na hesabu hii peke yake. Vijana wana sababu zao na nyingi hazielezeki. Hata hivyo aliyewahi kuandika barua ya mapenzi kwa namba 7, na meseji moja ina nafasi ya herufi 160 tu kabla haijahesabiwa kuwa ya pili, hawezi kuwahukumu haraka. Jambo la kuchekesha ni kwamba vijana wa leo wenye kibodi kamili kwenye kioo, ambapo S na X zote ni mguso mmoja, bado wapo wanaoandika "xaxa". Batani zimeondoka, mwandiko wake umebaki.

Tuendelee. Ukiacha kupiga na kuandika, iko kazi ya tatu, na hii ndiyo iliyobadili maisha ya watu wengi zaidi: nyota na reli.

Wageni wa lugha hii hushangaa kusikia mtangazaji akisema "nyota moja tano sifuri nyota sifuri sifuri, alama ya reli". Reli? Tazama ile alama: mistari miwili ya chuma na mataruma yake. Nani alianza kuiita hivyo haijulikani, lakini alikuwa na jicho. Kwa nyota na reli mtu anaingia kwenye huduma za pesa bila intaneti, bila programu, bila kioo cha rangi. Wataalamu wanauita mfumo huo USSD, na tofauti yake na meseji ni hii. Meseji ni kama barua: inaachwa posta, inafika ikifika. Nyota na reli ni kama kusimama dirishani mbele ya karani. Njia iko wazi wakati huo huo, unaulizwa, unajibu, unaulizwa tena. Ukichelewa kujibu, karani anafunga dirisha na unarudi mwanzo wa foleni. Na ukimaliza, hakuna kilichoandikwa kwenye simu yako ila ile meseji ya uthibitisho inayokuja baadaye.

Hebu mtazame tena mama wa Kirumba, saa kumi na moja alfajiri, anamlipa mwenye mtumbwi. Nyota, moja tano sifuri, nyota, sifuri sifuri, reli. Kupiga. Anasubiri. Moja. Anasubiri. Namba ya mwenye mtumbwi, ambayo ameikariri kama jina la mwanawe. Kiasi. Hapo anasimama, anahesabu sifuri kwa midomo, maana sifuri moja ya ziada ni hasara ya wiki. Namba ya siri, huku akiwa ameugeuzia ukuta mgongo. Moja ya kukubali. Hajasoma neno hata moja kati ya maneno yaliyopita kwenye kioo kile. Alichofanya ni kuimba wimbo wa tarakimu, na kidole kikapiga ngoma.

Inafaa kukumbuka huduma hizi zilizaliwa lini. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Menyu ya Kenya ilikaa ndani ya kadi ya simu yenyewe, ile laini ndogo, ili ifanye kazi hata kwenye simu duni kabisa. Mwezi Juni mwaka huo huo wa 2007, Wamarekani walipanga foleni kununua iPhone ya kwanza. Maana yake, siku simu hiyo ya kugusa inaingia mikononi mwa wanunuzi wakiambiwa hayo ndiyo maajabu, tayari kulikuwa na kijana Nairobi aliyemtumia mama yake hela ya mbolea kwa batani. Yupi kati ya hao alikuwa mbele? Tunakuachia.

Nyota na reli zilikuwa na siku yao ya hofu pia. Wanaokumbuka Juni 2016, Tanzania ilipozima simu bandia, watakumbuka namna mji mzima ulivyokuwa ukibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Zilitokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu, ukazituma kwenda 15090, ukasubiri hukumu. Kenya ilikuwa imefanya zoezi kama hilo mwishoni mwa Septemba 2012. Usiku ule wa Juni baadhi ya simu kubwa zenye vioo vya kung'aa zilizimika, na viswaswadu halali vilivyochakaa vikaamka asubuhi vikiwa hai. Zilikuwa siku chache nzuri kwa wenye viswaswadu, na hawakuzificha.

Msikilizaji, tumesema kumbukumbu ya kidole. Sasa twende kwenye ile nyingine, ya watu.

Hakuna mahali inapoonekana kama kwenye bipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Hujalipa kitu na umesema jambo. Lakini umesema nini? Inategemea mmekubaliana nini. Bipu moja: nimefika. Mbili: shuka, niko getini. Bipu ya saa nne usiku kutoka kwa mchumba haina maana yoyote ila kwamba hajalala. Mtafiti Jonathan Donner, aliyefanya kazi na wafanyabiashara wadogo Rwanda, aliandika mwaka 2007 juu ya kanuni za kubipu barani Afrika, na moja ya alizozikuta kila mmoja wetu anaijua bila kusoma: mwenye nacho ndiye anayepiga. Mfanyakazi anambipu bosi. Bosi akimbipu mfanyakazi, stori inafika mpaka kantini. Kijana anayemtongoza msichana kwa bipu ajue ameshajibiwa. Siku hizi vifurushi vya dakika vimeipunguza bipu, hasa mijini. Mwaloni bado ipo. Mtumbwi ukikaribia ufuo na mtandao ukashika, mvuvi anabipu mara moja, na mama anajua mzigo umefika. Simu isipolia kabisa, anajua pia.

Chaji nayo ni jambo la jamii. Betri ya simu hizi inatoka. Unafungua kifuniko, unaichomoa, unampelekea mwenye kibanda cha kuchajia. Simu unabaki nayo, laini unabaki nayo, siri zako unabaki nazo. Yule anaibana betri kwenye kobe, ile chaja yenye kubana kama mdomo wa mnyama huyo, inayokubali karibu betri yoyote ukiweza kupatanisha pini zake. Kibandani zimepangwa kumi au kumi na tano, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Betri ya Nokia iitwayo BL-5C imekuwa kama tairi la baiskeli: ukiikosa ya kwako, ya jirani inaingia. Simu za itel zinakubali betri za umbo hilo, na zile redio ndogo zinazouzwa mnadani nyingi zinakubali pia. Ndiyo maana mzee anaweza kusikiliza taarifa ya habari kwa betri ya redio, kisha akaihamishia kwenye simu ampigie mwanawe wabishane juu ya hiyo habari.

Majina ndani ya simu? Kadi ya laini kwa kawaida hubeba majina 250 hivi, na nafasi ya kila jina ni fupi. Kwa hiyo watu huandikwa kama magunia ghalani. Juma Dagaa. Juma Bajaji. Juma Mdeni. Mama Mwenyenyumba. Anayetaka mume wake awe wa kwanza anamwekea A mbele, wengine A tatu. Na zile namba tano au sita za lazima, za mama, za mume, za dada, za wakala, ziko kichwani, kwa sababu simu ya batani huanguka majini, huibwa, hutumbukia chooni, na mwenye nayo amejifunza kutoweka mayai yote huko. Mwulize mwenye simu kubwa hapo jirani akutajie namba ya mke wake bila kuangalia. Mwulize sasa hivi, tunakusubiri.

Tusije tukaonekana tunakipigia kiswaswadu debe, maana wanaokitumia wanajua adha zake kuliko wanaokisifia. Kumbukumbu ya watu ina bei yake, na bei hiyo ni siri.

Asiyejua kusoma, au asiyeona vizuri maandishi yale madogo, kila meseji kwake ni lazima ipitie kinywani mwa mtu mwingine. Mara nyingi ni mtoto. Mtoto wa darasa la tano ndiye anayesoma kuwa mjomba anadai, kuwa majibu ya hospitali yametoka, kuwa fulani wa zamani anasalimia. Spika ya simu yenyewe inavuja. Ukiongea na mkopeshaji kwenye daladala, abiria wa kiti cha nyuma anajua deni lako lote. Na wapo wengi, hasa wazee, wanaomtajia wakala namba ya siri kwa sauti kwa kuwa njia ya tarakimu imewashinda. Wakala mwema anakataa kuisikia, anamsogezea batani mzee abonyeze mwenyewe. Si wote wema.

Matapeli wanalijua hilo. Ile meseji maarufu, "ile hela itume kwenye namba hii", haikutungwa na mjinga. Mwenye simu ya batani haoni picha ya aliyetuma. Anaona namba tu, na namba ngeni ni nyingi kwa mtu wa biashara. Mama wa Kirumba leo hii anadaiwa na watu wanne. Kati ya hao wanne, yupo ambaye kweli alisema atatuma namba nyingine. Meseji hiyo ikimkuta saa ile ile, kinachomwokoa ni mazoea ya kupiga kwanza na kuisikia sauti. Sauti, msikilizaji. Sikiliza sauti kabla hujabonyeza hata tarakimu moja.

Kuna huduma zilizojengwa na watu waliomfikiria mtu huyu. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha Wazazi Nipendeni, ambapo mama mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda 15001 na kupata meseji za bure za kumwongoza kwa kadiri mimba ilivyokua. Neno moja fupi, namba moja, bila malipo, kwa Kiswahili. Mibonyezo yake ni ya kuhesabika. Aliyeipanga aliijua kazi ya kidole gumba.

Wengine hawafikirii. Mtandao unabadili mpangilio wa menyu usiku mmoja. Kilichokuwa namba 4 kinakuwa namba 6, na kwao ni marekebisho madogo. Kwa anayesoma, ni kero ya dakika moja. Kwa aliyekariri wimbo, ni kama kurudi nyumbani na kukuta mlango umehamishiwa uani. Ofisi inatuma meseji: bofya kiungo hiki. Hakuna cha kubofya. Shule imehamishia matangazo yote kwenye kundi la WhatsApp, na mzazi mwenye kiswaswadu anamleta mtoto shuleni siku ya mapumziko. Kikundi cha vikoba nacho kimehamia huko huko. Maamuzi yanapita usiku, na mwanachama wa batani anapata habari asubuhi kwa jirani, baada ya kura. Hapo si kosa la simu yake. Watu kumi walikuwa wanaweza kutuma meseji ya kawaida, wakaona uvivu.

Na mbele je? Simu za batani nyingi zinategemea mtandao wa kizazi cha pili. Marekani, kampuni ya AT&T iliuzima wa kwake mwanzoni mwa 2017, na simu zilizoutegemea zikabaki tochi. Huku kwetu mtandao huo bado una watu wengi mno juu yake. Wafanyabiashara wanaona upepo: siku hizi kuna simu za batani zenye uwezo wa 4G, na Vodacom Tanzania iliwahi kuleta moja yenye intaneti ikaiita Smart Kitochi. Jina la mtaani limepanda mpaka kwenye boksi la dukani, jambo ambalo waliokuwa wakichekwa kwa kumiliki kitochi walilipokea kwa kimya cha kuridhika. Nokia 3310 nayo ilirudishwa sokoni mwaka 2017, miaka 17 baada ya ile ya kwanza, na baadhi ya wanunuzi wake Ulaya walikuwa watu waliochoshwa na simu zao kubwa. Wao wanakwenda kwenye batani kupumzika. Mama wa Kirumba hajawahi kuona kuwa kiswaswadu kinampumzisha.

Ukimpeleka dukani leo, muuzaji atamtolea simu ya kioo, atamwonyesha kamera ya mbele na ya nyuma. Mama ataipokea kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sahani ya mgeni. Ataigeuza. Kisha atauliza maswali matatu, na muuzaji yeyote wa simu kuanzia Mwanza hadi Mombasa anayajua kabla hayajatoka kinywani. Inakaa laini mbili? Chaji inakaa siku ngapi? Tochi yake iko wapi?

Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Tunasubiri meseji zako: ni namba gani ya simu unayoikumbuka kwa kichwa mpaka leo, na ni ya nani? Zamani ungetuandikia kadi ya salamu ikae posta wiki mbili. Leo andika jina lako, mahali ulipo, na jibu. Kama unaandika kwa batani, salamu unaweza kuziruka, tutajua ulikuwa nazo. Usiku mwema.